Mashine ya steshenari iliyokuwa ikizima saa nane mchana

Mara ya kwanza kompyuta hiyo ilipigwa Windows, yaani ilifutwa na kuwekewa Windows upya, mwezi wa tatu. Mara ya pili mwezi wa tano. Mara ya tatu, Julai 2024, niliipiga mimi mwenyewe, nikachukua 20,000 yangu, nikamwambia mama mwenye duka "sasa imekuwa mpya," nikapanda bajaji nikarudi zangu Majengo. Wiki tisa baadaye simu ikaita.

"Fundi, ile mashine yako mpya imekufa tena. Na hapa nina wanachuo sita wamesimama."

Sikuwa na la kujitetea. Nilimwamkia tu, nikamwambia nakuja.

Duka lenyewe liko Ng'ong'ona, upande ule wanakopanga wanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Ni chumba kimoja cha bati kisicho na dari, mlango unatazama barabara ya vumbi inayopita bajaji kutwa nzima. Ndani kuna mashine ya fotokopi, printa ya leza, mashine ya laminesheni, na kompyuta moja ya mezani ambayo ndiyo roho ya biashara: kutaipu, kuskani vyeti, picha za pasipoti, kuwajazia watu maombi ya ajira na ya mkopo mtandaoni. Ikizima hiyo, duka limefungwa hata kama mlango uko wazi.

Kompyuta yenyewe ni used kutoka nje kama zilivyo nyingi mjini hapa: Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Si mashine mbaya, ukiijua umri wake.

Malalamiko yake Julai yalikuwa "nzito, inaganda, inazima." Maneno matatu kwa pumzi moja, nami niliyasikia kama ugonjwa mmoja. Mashine nzito inayoganda na kuzima, dawa yake kila fundi anaijua: fomati, piga upya, weka Office, weka antivirusi, kula hela. Sikufungua hata kava. Naliandika hili mapema ili msomaji asidhani nawasema wenzangu walionitangulia.

Septemba nilikwenda bila flashi ya Windows. Niliiacha dukani kwangu makusudi, maana ningekuwa nayo ningeitumia.

Kilichonisaidia hakikuwa kwenye kompyuta. Mama ana kaunta buku anamoandika mapato, na kila kazi inayoharibika mashine ikizima anairudishia pesa na kuandika: "PC imezima, 3,500 imerudi." Kando yake kuna saa. Nikamuuliza saa ya nini. Akacheka kidogo akaniambia asubuhi anakaa kijana, mchana anakaa yeye, na alitaka kujua inazima kwenye zamu ya nani, kwa sababu alishaanza kumshuku kijana kwamba anacheza gemu.

Tukakaa na lile daftari kwenye benchi la wateja tukahesabu tangu siku niliyoipiga Windows. Mara 21. Kati ya hizo, 14 zilikuwa kati ya saa nane na saa kumi jioni, na 7 zilikuwa asubuhi, ndani ya saa moja ya kwanza baada ya kufungua. Katikati, kuanzia saa nne hadi saa saba, hakuna hata moja.

"Mama, asubuhi inazimaje?"

"Asubuhi inakuja bluu, inaandika maneno ya Kizungu. Kijana amenipigia picha. Mchana haiandiki kitu. Feni linalia kama mashine ya kusaga, halafu pyuu, imekwenda."

Basi magonjwa yalikuwa mawili. Na daftari likatoa jambo la pili ambalo mimi nilipaswa kulijua: kuzima kwa mchana kulianza siku nne tu baada ya mimi kuondoka Julai, na kukaongezeka Agosti ilipoanza kupata joto. Skrini ya bluu ilikaa kimya zaidi ya wiki tano, ikarudi Agosti 19. Windows yangu ilikuwa imetuliza ugonjwa mmoja kwa muda, na ule mwingine haikuugusa kabisa.

Nianze na wa mchana, ndio rahisi.

CPU (sanduku zima tunaliita hivyo, tuache wenye vitabu waumie) ilikuwa sakafuni, hatua mbili kutoka mlangoni. Juu yake kulikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua ya njano, kimeshuka mbele na nyuma hadi karibu na sakafu. Kizuri kweli. Mama alikifuma mwenyewe kuizuia mashine isiingie vumbi. Hakikutolewa hata ikiwaka. Matundu ya mbele yanayovuta hewa yalikuwa nyuma ya kitambaa, na ya nyuma yanayotoa joto pia. Ile mashine ilikuwa inapumua pumzi yake yenyewe.

Nilipofungua kava sikuona mabati ya kupoza prosesa, ubongo wa kompyuta. Niliona blanketi. Kati ya feni na yale mapezi ya aluminiamu kulikuwa na tabaka la vumbi jekundu la Dodoma lililochanganyika na unyuzi mweupe wa karatasi unaotoka kwenye fotokopi, limeshikana kama sufi ya mto. Nililinyanyua kwa kucha likatoka kipande kizima, na alama za mapezi zimejichora upande wa chini. Kijana akaomba alishike.

Kabla ya kusafisha nilipima. Ilikuwa saa nane na robo, bati linapasuka kwa jua. Mashine ikiwa haifanyi kitu, prosesa ilisoma nyuzi 64. Nikaifanyisha kazi ya kawaida ya pale, kuskani kurasa 40 na kuziunganisha kuwa PDF moja huku Chrome ikiwa imefunguliwa. Dakika ya tatu 91. Dakika ya sita 102, feni linalia, na ukurasa mmoja sasa unachukua muda uliokuwa unatosha kurasa nne. Nikaizima mwenyewe kabla haijajizima.

Kwa asiyejua: prosesa ikipata joto kupita kiasi, kwanza inapunguza kasi yake yenyewe ili ipoe. Ndiyo "nzito" ya mchana. Joto likizidi kupanda, inakata umeme ili isiungue. Ndiyo "pyuu." Windows haipati nafasi ya kuandika chochote, ukiingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, asubuhi yake utakuta tukio namba 41 la Kernel-Power, linalosema tu kwamba mashine ilizima bila kuaga. Halisemi kwa nini. Nimeona watu wakilisoma tukio hilo na kwenda kununua pawa saplai mpya.

Ufagio nao ulikuwa na mkono wake. Kijana alikuwa anafika, anawasha kompyuta ili iwe inaamka, kisha anafagia. Vumbi linapanda, feni liko sakafuni linavuta. Kila siku ya Mungu, mwaka mzima.

Ugonjwa wa asubuhi ulikuwa mgumu zaidi. Picha tatu alizopiga kijana zote zilikuwa na maandishi yaleyale: KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR. Maana yake ni kwamba Windows ilikwenda kuchukua kitu chake kilichohifadhiwa kwenye diski, ikashindwa kukisoma. Inaweza kuwa waya wa data umelegea, na waya ni bei ya soda, kwa hiyo nilibadilisha waya kwanza. Kisha nikafungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Njano, rangi ya tahadhari. Namba zake huandikwa kwa heksadesimali (hesabu inayochanganya tarakimu na herufi), ndiyo maana wengi huzipita bila kujua: sekta zilizokwisha kubadilishwa B8, yaani 184, zinazosubiri 1C, yaani 28. Diski ilikuwa imewaka saa zaidi ya 27,000.

Hapa ndipo naomba msomaji tuende taratibu, kwa sababu ndipo penye siri ya kwa nini "kupiga Windows" kunaonekana kuponya.

Diski ya kuzunguka huhifadhi data kwenye vipande vidogo viitwavyo sekta. Sekta ikikataa kusomeka, diski haiitupi papo hapo. Inaiandika kwenye orodha ya zinazosubiri, na kila programu itakayoihitaji itagonga mwamba: diski itajaribu tena na tena, huku wewe unaona kipanya kimeganda na Task Manager inasema diski 100%. Hukumu hutoka siku sekta hiyo inapoandikwa upya. Ikiandikika vizuri, inarudishwa kazini. Ikigoma, diski inachukua sekta ya akiba iliyotengwa tangu kiwandani na kuiweka mahali pake.

Sasa, unapopiga Windows unafanya nini? Unaandika mafaili mapya ya Windows kwa mkupuo juu ya sekta za diski. Sekta mbovu zinazoangukiwa na maandishi hayo zinahukumiwa siku hiyohiyo, faili za mfumo zinakaa juu ya sekta zinazosomeka, na mashine inaamka nyepesi kama ndama. Mteja anafurahi. Fundi anaaminika. Diski inaendelea kuoza chini kwa chini, na baada ya wiki tano au sita sekta nyingine zinakufa, safari hii pengine chini ya faili ambayo Windows huisoma kila inapowaka. Ndiyo maana ilikuwa asubuhi: kuwaka ndiyo kazi kubwa kuliko zote ya kusoma diski. Tulikuwa tunamuuzia mama wiki tano tano kwa 20,000.

Na RAM ya GB 4 ilizidisha. Chrome yenye madirisha kumi, Word, programu ya picha, vyote kwa pamoja vinajaza RAM, na Windows inaanza kutumia diski kama RAM ya ziada. Kwa hiyo diski mgonjwa ndiye aliyebebeshwa mzigo wa wenzake.

Magonjwa haya mawili nayo yalikuwa yanalishana. Kila "pyuu" ya mchana ilikata umeme diski ikiwa inaandika, na sekta iliyoandikwa nusu ni sekta inayoweza kukataa kusomeka kesho. Siwezi kuapa kwamba vumbi ndilo lililoua diski. Kwa umri ule ilikuwa inakwenda tu. Lakini kuzimwa mara 14 katikati ya kazi ndani ya wiki tisa, hilo halikuiongezea siku.

Jambo la kwanza nililofanya halikuwa kutengeneza. Nilinakili. Wapo wanaokimbilia chkdsk yenye /r, amri ya Windows ya kukagua diski nzima, mara tu wakiona diski inagoma. Kwa diski inayokufa huko ni kumkimbiza mgonjwa uwanja mzima ili umpime presha. Chukua data kwanza. Zilikuwa GB 61, zilichukua mchana wote hadi magharibi, na faili tatu ziligoma kabisa. Moja ilikuwa ripoti ya fildi ya binti mmoja aliyekuwa amesimama pale pale. Alikuwa amejitumia WhatsApp usiku uliotangulia. Akashusha pumzi hadi wote tukaisikia.

Ndani ya hizo GB 61 kulikuwa na vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na barua za watu za tangu mwaka 2021, vyote vimelundikana humo. Mama hakuwa na nia mbaya, ni mtu tu hajafuta. Lakini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na steshenari ni mahali ambapo mtaa mzima unaacha siri zake. Kufuta kazi za wateja kila wiki kunaipa mashine nafasi, ndiyo, ila mimi ningefuta hata kama nafasi ingekuwepo.

Nilipouliza UPS, lile sanduku la betri linaloshika umeme ukikatika, iko wapi, kijana alitoa miguu. Ilikuwa chini ya meza, anawekea viatu. Ilianza kupiga kelele mwaka uliotangulia wakaizima, kompyuta ikachomekwa moja kwa moja kwenye ekstensheni. Na kabla ya hapo ilikuwa imebeba printa ya leza pamoja na kompyuta. Printa ya leza inapopasha roli lake joto inavuta umeme mwingi kwa ghafla. UPS ndogo ya dukani haikuumbwa kwa hilo. Betri yake ilikuwa imevimba hadi nikaitoa kwa bisibisi. Betri hizi za risasi hazipendi joto hata bila printa, sembuse chini ya bati.

Matengenezo yenyewe nayapita haraka. SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256 kwa 75,000, RAM ya GB 4 nyingine kwa 25,000, betri ya UPS 45,000, themo pesti (dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na mabati yake) 5,000 kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imekauka ikawa chaki. Jumla 150,000. Ufundi sikuchukua, zile 20,000 za Julai zilikuwa zinaniwasha. Windows ilipigwa, naam, ila safari hii kwenye diski mpya yenye afya. Ilikuwa inachukua dakika nne na nusu kuwaka hadi kutaipu. Sasa sekunde 25 hivi. Kesho yake saa nane ileile, kurasa zilezile 40, prosesa haikuvuka nyuzi 71.

Mama aliguna aliposikia 150,000. Tukarudi kwenye kaunta buku. Pesa zilizorudishwa kwa wateja katika zile mara 21 zilikuwa 58,500, na mafundi watatu tulikula 60,000. Hapo hujahesabu walioona foleni wakaenda duka la jirani. Hakuguna tena, ila alisema atalipa kwa awamu mbili, bumu (pesa ya mkopo ya wanachuo) likitoka.

Kilichobaki ndicho kigumu: mashine isirudi kule. Tukaandika utaratibu kwenye karatasi moja, akaipitisha kwenye laminesheni yake mwenyewe, ikabandikwa nyuma ya mlango. Asubuhi nyunyiza maji, fagia, subiri vumbi litue, ndipo uwashe. CPU ikapanda juu ya kigoda, mbali na mlango. Kitambaa cha maua kinawekwa usiku mashine ikiwa imezimwa na imepoa. Ijumaa jioni kijana anatoa dakika ishirini: anahamisha kazi za kudumu kwenye diski ya nje, anafuta za wateja, anaangalia kwamba walau sehemu moja ya tano ya diski iko wazi, anaizima kabisa na kuiwasha.

Flashi za wanachuo zilihitaji mstari wao. Asilimia kubwa ya virusi vya steshenari ni vile vinavyoficha faili na kukuachia shotikati. Mteja anabofya, mashine inapata, na kila flashi inayofuata inaondoka na mgeni. Kila flashi iskaniwe kabla ya kufunguliwa. Nilikuta antivirusi mbili, moja imevunjwa leseni, zinagombana. Nikatoa zote nikaacha Defender ya Windows yenyewe. Nikatoa pia ile programu ya "kusafisha na kuongeza kasi" iliyokuwa inawaka na mashine na kula RAM ili kumwambia mtu RAM imejaa. Sijawahi kuona programu ya namna hiyo ikiponya kompyuta, na nimeifanya kazi hii miaka mingi.

Masasisho walikuwa wameyazima kwa sababu ya bando. Siwalaumu. Kwa intaneti ya hotspoti ya simu, sasisho moja linamaliza kifurushi cha siku. Tulikubaliana mara moja kwa mwezi, kwa bando la usiku, kijana anaacha mashine inashusha anakwenda kulala. Siku hiyohiyo anafungua CrystalDiskInfo: bluu, endelea, njano, nipigie.

Kupuliza vumbi nilisema kila miezi miwili kuanzia Mei hadi Novemba, maana huo ndio ukame wetu na Agosti hadi Oktoba upepo hauna adabu. Kompyuta ya Dar inaweza kukaa muda mrefu zaidi. Hii ya Ng'ong'ona, thubutu. Itolewe nje, imechomolewa, feni lizuiwe kwa kijiti cha mshikaki lisizunguke, upulize kwa bloa ya mkono. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Na usimame upande upepo unakotoka. Mara ya kwanza nilimwonyesha kijana huku nimesimama upande wa pili, nikarudi Majengo mwekundu hadi kope. Mvua zikianza Desemba vumbi linapungua, lakini radi zinaanza na umeme nao unakuwa na yake, basi kazi inahamia kwenye soketi: wingu likifunga, chomoa.

Kuna deni moja ambalo bloa haiwezi kulilipa. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha tatu haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Tulilizungumza mapema. Alianza kuweka 2,000 kila Jumamosi kwenye kopo la maziwa ya unga, kwa ajili ya mashine nyingine.

Nilipita tena Januari 2025, mvua imenyesha usiku kucha na barabara ya mbele ya duka imekuwa mto. Sikuenda kukagua, nilikuwa na mteja karibu, ila mama aliniita akafungua kaunta buku bila kuulizwa. Alikuwa ameipigia kompyuta mstari wake pembeni, kwa rula. Oktoba tupu. Novemba tupu. Desemba kulikuwa na mara moja: "Umeme, saa 10:20, UPS imeshika dakika 9, kijana amezima mwenyewe."

Dakika 9 ameziandika kwa kalamu nyekundu.